Bibi Hataki Kung'olewa Meno

Ipuli, Tabora
14 Juni 2024

Mpendwa Dada Paskazia,

Shikamoo. Anayekuandikia ndiye kijana mzuri kuliko wote kuanzia Ipuli hadi Ulyankulu. Nikipita sokoni hata mbuzi hugeuza shingo. Hujambo lakini? Shemeji Octavian mzima? Joto la Mtwara limekuachia nyama mwilini? Sisi tunapumua, na bibi anapumua pia, ila kwa kupanda na kushuka.

Kwenye simu nilisema ana homa tu, maana wewe hulia kabla mtu hajamaliza kueleza.

Unakumbuka alivyokuwa akitema damu akipiga mswaki? Akasema ni uzee. Mimi, bingwa wenu, nikaenda Ulyankulu kwa baba mdogo Ferdinandi nikamletea asali ya porini, akawa anaipaka kwenye fizi kila akienda kulala. Si unatujua watu wa Tabora, asali hutibu kila kitu isipokuwa uvivu wangu. Fizi zikazidi kuvimba. Ikaja homa, pumzi ikawa fupi, tukamkimbiza hospitali.

Daktari akatueleza kwamba fizi zikiugua, vijidudu hupata mlango wa kuingia kwenye damu. Kwa bibi, mwenye valvu mbovu ya moyo tangu usichana, vikaenda kukaa hukohuko. Kidato cha pili sikumaliza, lakini hilo limeniingia.

Sindano zimeshusha homa. Bado ananiita mume wake, na jana alinifukuza: "Mume gani ananuka kikwapa! Kaoge ndipo unishike mkono." Nikaoga, nikarudi nikaushika. Umekuwa mwepesi, dada.

Nisalimie shemeji, na Recheli wako umwambie mjomba anamwekea karanga. Mama mdogo Rustika, anayempikia bibi uji, anakusalimu sana.

Sasa lililoharibika kweli. Daktari anataka kung'oa meno matatu yaliyooza, moyo usije ukachafuliwa tena. Bibi alishakubali. Mimi, kwa kutaka acheke, nikamwambia uko njiani. Akacheka kweli. Kisha akafunga mdomo: hang'olewi hata moja, hataki umkute kibogoyo. Nimekiri kwamba nilidanganya, haamini; anasema namtania kama siku zote. Mlango wa wodi ukifunguliwa anajifuta midomo.

Njoo, dada. Mungu akulinde barabarani.

Mdogo wako, akupendaye hata ukimkaripia,
Modesti