Kwa Révérien Habonimana, Aliyeita Majina Katika Mpunga

Umetimia mwaka mmoja sasa, Baba Spès, tangu homa ikuchukue hapa Uvira.

Kabla ya kuwa mhariri ulikuwa mwalimu wa Bwegera. Mpunga ulipokaribia kuiva, watoto hawakuja darasani. Walibaki shambani kufukuza ndege. Hukuwagombeza wazazi. Ulipita juu ya matuta ukiita majina, na vichwa vikachomoza katika mpunga kimoja kimoja: "Niko, Mwalimu!" Ukafundisha hapo hapo, miguu majini.

Uliwazoesha kuitika mara ya kwanza. Binti yetu Spès pia.

Gazeti uliliendesha kwa ukali ule ule. Habari ya ng'ombe mmoja aliyepotea ulikwenda kuihakikisha Lubarika kwa miguu. Sokoni uliwasomea wasiojua kusoma. Walikupa samaki, ukawagawa njiani; jikoni kwangu hawakufika.

Basile, mpiga chapa wako, anasema bado unakohoa nyuma yake anapokosea. "Mama Spès, hata kaburini iko anatafuta makosa yangu!" Tulicheka. Siku hiyo hiyo Spès, akichagua maharage uani, akasimama wima.

"Mama, baba iko ananiita."

Nilimziba mdomo. Unajua kwetu mtu haitiki sauti ya asiyemwona, asije akachukuliwa. Nina diploma na siogopi vivuli, lakini nami niliisikia: sauti yako ya shambani, ikitoka chumba cha mashine ya gazeti. Chumba kilikuwa kimefungwa. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu.

Ulimwita wiki nzima. Mtoto akakonda kwa kujizuia, maana hakuwahi kukukatalia. Nikafungua chumba, nikasema mbele ya mashine:

"Weye Habonimana, mtoto huyu umuache. Kama ni lazima uite mtu, uniite mimi."

Umemuacha. Anakula, anaimba. Asante. Ulikuwa mtu wa kusikia ukiambiwa ukweli.

Alhamisi iliyopita, nikianua nguo, niliitwa Kankindi, polepole, ulivyoniita wakati wa uchumba. Sikugeuka. Mwanao Octave hajaachishwa ziwa, na gazeti uliloniachia linatoka Jumamosi. Ningependa kuja. Subiri.

Misa yako ni Jumapili asubuhi.

Tunaokukumbuka: mkeo Marie-Rose Kankindi; wanao Spès na Octave; mama yako Gloriose; mdogo wako Libérat; na Basile.

Siku zote utakumbukwa katika nyumba hii.

Uvira, Machi 1957