Simu Iliyomwita Hezron

Satellite, Nairobi
Jumamosi, baada ya chai ya asubuhi

Kwa dada yangu Rasoa,

Pokea salamu za mdogo wako, na umfikishie Mama zake kabla hujasoma zaidi. Magoti yake yanasemaje na baridi hii? Na yako? Yule ng'ombe mwenye pembe moja amezaa, au bado anawachezesha? Mwalimu wetu wa darasa la nne alitufundisha kwamba barua huanza kwa kusema mwandishi ni buheri wa afya. Leo neno hilo limenishinda kuandika, na utaona kwa nini.

Utajiuliza pia kwa nini nahangaika na karatasi kama mtu wa zamani na simu tunazo. Nikipiga, Mama hukwambia uweke sauti kubwa asikie, na haya nataka uyajue wewe kwanza. Barua hii inaletwa na Jairo, fundi cherehani jirani yangu, anayekuja huko kwa mazishi ya shemeji yake. Isome ukiwa peke yako.

Rasoa, nilikudanganya. Ulipopiga Alhamisi ile ukilia, ukisema kuna msichana wa kliniki ya Nairobi amepiga akimtaka Hezron, kwamba Hezron arudi haraka kwa sababu damu yake imeonyesha figo zinaumia, nilikwambia wamekosea namba. Hawakukosea. Namba ni ya Hezron, na damu hiyo waliitoa wiki hiyo hiyo.

Tulia. Huu ni mwaka wa pili tangu tumzike kaka yetu, na wewe mwenyewe ulimwona uso kabla sanduku halijafungwa. Sisemi yu hai. Nasema nilifanya jambo la kijinga na sasa nalieleza.

Unakumbuka siku ya kunyoa nywele baada ya mazishi, wazee walipogawa vitu vyake. Wewe ulipewa simu pamoja na laini yake, mimi nikapewa lile koti la kijivu. Hadi leo ukinipigia, simu yangu huandika "Hezron", maana sijapata moyo wa kubadilisha. Huwa naitazama ikilia mara mbili tatu kabla sijaitika. Sasa, ndani ya mfuko wa koti nilikuta kadi ya kliniki moja ya Kinoo, ina jina lake na mihuri ya siku alizokwenda. Sikumwonyesha mtu. Nililala chumba kimoja na Hezron hapa Satellite, tukila sufuria moja, na hakuwahi kuniambia kwamba anatibiwa. Habari ya figo tuliipata mwishoni kabisa, alipokuwa hawezi hata kuvaa viatu. Hilo liliniuma na bado linaniuma.

Sisi mafundi wa mawe tuna mazoea yetu. Pale Mutuini tunapojenga nyumba za kupangisha, chai ya saa nne ikifika nyapara hupitisha mkebe wa tembe za maumivu, kama kikapu cha sadaka kanisani. Kila mtu huchukua mbili, kisha jiwe linabebeka. Hezron ndiye aliyenianzisha, siku yangu ya kwanza kazini, kwa upendo kabisa. Tumemeza hivyo miaka na miaka bila kuandikiwa na daktari yeyote. Mwezi uliopita nikaanza kuamka uso umevimba, soksi zinaacha alama mguuni hadi jioni, na mkojo unatoa povu kama maji ya sabuni. Yote hayo nilikuwa nimeyaona kwa Hezron.

Basi Jumatatu moja nikavaa koti nikaenda Kinoo. Msichana wa dirishani akaniuliza, "Ni mara ya kwanza ama uko na kadi?" Mkono wangu ukaingia mfukoni wenyewe, nikamwekea kadi ya Hezron. Usidhani nilikosa kitambulisho, kilikuwa mfuko wa nyuma; na sura zetu unazijua, watu walizoea kutuchanganya. Niliwaza hivi: wakiupata ugonjwa, wauandike kwa Hezron. Yeye hawezi kuugua tena. Ugonjwa utamtafuta mwenyewe, utamkosa, urudi ulikotoka. Mtu mzima wa miaka hamsini na moja, anayesoma ramani za nyumba, na hivyo ndivyo nilivyowaza. Cheka ukitaka.

Nikaketi. Baada ya muda nesi akaita, "Hezron!" Nikaitika naam na kusimama. Hapo nikasikia benchi la nyuma likitoa ule mlio wa mbao wakati mtu mzito anapoinuka. Niligeuka. Hakuna aliyekuwa ameinuka. Kulikuwa na mama mmoja mzee tu kwenye ncha ya benchi, mkoba mapajani, ananitazama bila kupepesa.

Nesi akanipandisha kwenye mzani. Akaangalia faili, akaangalia mzani tena. "Baba, hata kilo moja haijabadilika," akasema. "Uko vile tu ulikuwa siku ya mwisho."

Daktari naye hakuinua uso mara moja. "Mzee, ulipotea sana. Si tulikubaliana urudi kila mwezi?"

"Nilikuwa nyumbani," nikamjibu. Sijui jibu hilo lilitoka wapi.

"Ni sawa, bora umerudi. Bado unaamka ukisikia kama uko chini ya maji, unashindwa kuvuta pumzi?"

Rasoa, ndoto hiyo sikuwa nimemwambia mtu yeyote duniani. Nikasema ndiyo, bado.

Akafungua faili akanionyesha mstari aliokuwa amechora kwa kalamu. "Hii ni creatinine yako. Figo zikichoka, inapanda. Na hii ingine ni CRP. Hii inatuambia kuna inflammation, yaani mwili unawaka ndani. Haisemi moto uko wapi, inasema tu uko." Akanieleza kwamba kwa watu wa umri wetu mwako kama huo unaweza kukaa miaka, kama makaa chini ya jivu. Huoni kidonda wala husikii homa, na figo zinaweza kuwa miongoni mwa vinavyoungua polepole. Ndiyo maana hapimi kimoja tu, anapima damu, mkojo na presha, kisha anavilinganisha. Mimi nilikuwa natazama ule mstari. Ulipanda kama njia ya mlimani, halafu ukakatika. Mbele yake karatasi ilikuwa nyeupe.

"Leo tutaona umefika wapi," daktari akasema. Wakanitoa damu, na nesi akaandika jina la Hezron kwenye chupa ikiwa bado na joto langu.

Nikitoka, yule mama mzee akanishika mkono mlangoni. Anaitwa Mama Nduku, mtu wa Kitui, anaishi na bintiye hapo Kinoo na anatibiwa hapo siku nyingi. "Hezron alikuwa na kovu hapa," akasema akigusa nyusi yake. "Wewe huna." Nilitembea mbio mpaka barabarani, koti likinielemea kana kwamba limenyeshewa.

Niliambiwa nirudi Jumatano kuchukua majibu. Sikurudi. Nilikwenda Mutuini, nikameza tembe zangu mbili na chai, nikajiambia yameisha. Na kwa kuwa Hezron hakutokea, Alhamisi wakapiga namba iliyo kwenye faili lake, nayo iko mkononi mwako. Nilifikiria kila kitu, Rasoa, isipokuwa simu.

Kisha ukapiga tena Jumamosi. Ukanieleza kwamba Mama alikuwa amesikia kila neno la yule msichana. Kwamba amefagia njia mpaka barabarani, amemnyooshea Hezron shati, na anaketi mlangoni akikataa mlango ufungwe hata mvua ikinyesha, kwa sababu mtoto akitoka kliniki atakuja moja kwa moja. Nilikaa juu ya mawe nikalia mbele ya mafundi wenzangu, na sikujali nani anaona.

Jumatatu nikarudi Kinoo. Mama Nduku alikuwa pale pale kwenye ncha ya benchi, utadhani hakuwahi kuondoka.

"Leo umekuja kama nani?" akaniuliza.

Nikamweleza yote, hadi ule ujanja wangu wa kuupotezea ugonjwa njia. Hakucheka. "Mwanangu, ugonjwa haujui kusoma," akasema. "Inaingia kwa damu, haiangalii kadi. Na sasa ukianguka hapa, watapigia nani? Watasema Hezron amekufa. Watu wako watakulilia aje, na huyo walishamlilia?"

Niliona sanduku linafika nyumbani na jina la mtu ambaye kaburi lake tayari limeota nyasi, na Mama mlangoni hajui amlilie yupi. Niliogopa, dada. Sijawahi kuogopa hivyo hata siku ile kamba ya jukwaa ilipokatika kazini, nikiwa juu.

Nikaingia kwa daktari nikaweka kitambulisho changu mezani. Alikasirika, na ilikuwa haki yake. "Mzee, ningekupatia dawa kwa history ya mtu mwingine! Unajua ningekuua?" Nikamwambia najua. Nikamwambia pia kwamba mwenye faili alishazikwa. Akasema pole, kisha akaanza kuzitoa karatasi zangu kwenye faili la Hezron. Ya mwisho aliishika mkononi bila kuitoa, akanigeuzia nione. Alikuwa ameshauendeleza ule mstari. Vipimo vyangu vilianzia pale pale vya Hezron vilipokatikia, bila pengo lolote, kama fundi aliyeendeleza ukuta kwa kamba ile ile ya mwenzake.

"Ningeapa ni mtu mmoja," akasema.

Nesi akaandika neno "marehemu" juu ya faili na kulifunga. Huko nje nikasikia benchi likitoa mlio wake tena. Safari hii sikugeuka.

Damu mpya ilipelekwa maabara ya mjini, na majibu niliyafuata mwenyewe jana, nikiwa na risiti yenye jina langu. Ndiyo maana nimechelewa kukuandikia, nilitaka nishike kitu mkononi. Figo zangu zimeumia lakini hazijafa. Ule mwako wa ndani uko juu, presha nayo iko juu. Nimesimama mahali Hezron alipokuwa siku alipoacha kwenda na kukimbilia mitishamba. Daktari anasema nikishika dawa na masharti, naweza kukaa hapo muda mrefu bila mstari ule kupanda zaidi. Nimeacha tembe. Mgongo unanitukana kila asubuhi, na sukuma wiki bila chumvi ina ladha ya gazeti. Mkebe ukinifikia saa nne naupitisha kwa mwenzangu, na nimewaambia sababu. Wawili wamekwenda kupimwa. Waliobaki wananiita daktari.

Sasa nifikie ninachokiogopa kweli. Daktari aliniuliza, "Mko wangapi kwa hiyo familia?" Nikasema tulizaliwa watatu, tumebaki wawili. "Huyo mwingine ako na miaka ngapi? Na anatumia dawa gani?"

Dawa hizo nazijua. Ni mimi ninayekupa, Rasoa. Kila msafiri anayekuja huko namfungia pakiti ya tembe hizo hizo kwa ajili ya magoti yako, na wewe unanishukuru na kuniombea baraka. Na mwezi uliopita uliniambia ukicheka kwamba pete ya ndoa imekataa kutoka kidoleni, na kwamba asubuhi uso wako ni wa mtoto aliyenona. Mimi nikacheka nawe. Mungu anisamehe, nilicheka.

Safari hii Jairo hana pakiti. Zilizobaki zitupe chooni, na Mama asiziguse. Nenda hospitali ya kaunti upimwe presha, mkojo na damu, na uwaambie bila kuficha kwamba kaka yako alikufa kwa figo na mdogo wako anatibiwa figo. Usiseme unangoja uumwe. Hezron hakuumwa mpaka alipokuwa amechelewa. Mficha maradhi, kifo humuumbua: methali hiyo tuliikariri kwa ajili ya mtihani, mimi na Hezron, na sote wawili tuliipata.

Mama mwambie polepole. Mwambie aliyeitwa ni mimi, nililiazima jina la kaka bila ruhusa, na kadi nimeirudisha. Aufunge mlango, apate usingizi. Lile shati aliweke, nitakuja kulivaa mimi nikipata nafuu ya safari.

Msalimie shemeji yangu Petro, mwambie nyasi za ng'ombe anaweza kuzikata yeye wiki hii. Msalimie binti yako Kadesa, mwalimu wa chekechea, ndiye nataka akusindikize hospitali maana wewe najua utageukia njiani. Na mzee Asava aliyetunyoa, mwambie koti na simu vimekutana tena, atashangaa.

La mwisho. Nesi aliomba namba yako ili akufuatilie, na namba uliyo nayo ni hiyo moja tu. Nimempa. Amesema atapiga Jumanne asubuhi. Simu ya Hezron italia, Mama atainua kichwa pale mlangoni, na itakuwa sauti ile ile ya msichana uliyoisikia. Lakini hatamtaka Hezron. Atauliza kama anaongea na Rasoa. Nakuomba, dada yangu, usimwambie amekosea namba. Itika.

Ni mimi mdogo wako,
Enos