Kiti cha Msimamizi wa Dobi

Chumba Na. 6,
Nyuma ya Karakana.
Jumapili, tarehe 8 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Kabla ya yote nataka kujua goti lako linaendeleaje, na kama ile miwani mpya unaivaa au umeifungia kabatini ukiogopa itavunjika. Mimi ni mzima. Vidole viwili vina makovu ya pasi, ila hayo unayajua tangu zamani.

Habari niliyo nayo inanichanganya, na sina mwingine wa kumweleza. Nimeacha kazi pale kwa dobi. Unakumbuka nilivyoanza, na pasi moja ya mkaa mlangoni kwa mtu, nikilipwa kwa kila shati. Baadaye tukawa watatu, miaka kumi na moja ikapita, tukafika ishirini na sita, na kila aliyeingia nilimfundisha mimi kukunja kola. Kiti cha msimamizi kilipopatikana, tajiri akampa shemeji yake, kijana asiyejua pamba na nailoni zinatofautianaje mbele ya moto. Miaka yote alikuwa akituita familia. Siku hiyo ndipo nilipoelewa familia ni nani.

Basi Jumatano nilikwenda kwenye usaili mahali pengine, wanakofua mashuka ya hoteli na ya hospitali. Kazi ni ya usimamizi hasa. Nilijiapiza kwamba safari hii wao wataniuliza na mimi nitawachunguza.

Nilifika mapema, nikakaa kwenye benchi ng'ambo ya geti nikahesabu. Kuanzia saa moja na dakika ishirini mpaka saa mbili kamili waliingia watu thelathini na mmoja. Ishirini na wanne walimsalimia mlinzi, na wawili kati yao walisimama kumtania. Walioingia wakikimbia ni watatu tu. Nikasema moyoni, hapa si pabaya.

Ndani walikuwa watatu: meneja, ofisa utumishi, na mzee mmoja fundi wa boila ambaye hakuuliza kitu ila alitazama mikono yangu mpaka mwisho. Maswali yao yalikuwa ya kawaida. Walipomaliza, meneja akauliza kama nina swali. Nikatoa karatasi yangu yenye maswali tisa. Ofisa utumishi akavua miwani. La kwanza lilikuwa: aliyekuwa kwenye kiti hiki yuko wapi?

Wakatazamana. Meneja akasema, "Yupo," basi, akaniambia nikatembezwe kwanza, mengine tutayamaliza nikirudi. Shangazi, jibu la neno moja nalijua mimi. Nilishaanza kukunja karatasi.

Aliyenitembeza ni mama mmoja mnene wanamwita Mama Mvuke. Alijua kila kitu. Mashine ya nne, alisema, usiiamini taa yake, sikiliza mlio. Nikamwomba anionyeshe choo cha wafanyakazi, maana ofisi yake kila tajiri huipigisha deki. Sabuni ilikuwepo na komeo linafunga. Njiani meneja alitupita, akagonga mlango wa chumba cha kupigia pasi kabla ya kuingia. Sijawahi kuona tajiri akigonga mlango wake mwenyewe.

Tulipomaliza, huyo mama akafunga aproni, akasimama kwenye meza ya tatu na kushika pasi. Msichana wa meza ya pili akanicheka.

"Hukuambiwa? Huyu ndiye aliyekuwa bosi wetu. Mwaka jana alikuwa anatufokea, mwaka huu tunagombania naye kopo la kunyunyizia maji."

"Na bado nakuacha mashati sita kwa saa," akajibu Mama Mvuke bila kuinua macho.

"Sita? Jana yalikuwa manne, bibie. Usijiongezee."

Chumba kizima kikacheka, na yeye akacheka kuliko wote. Nikamsogelea nikamuuliza taratibu, "Walikushusha, mama?"

"Niliomba mwenyewe, mwanangu. Miaka minne nilikuwa narudi nyumbani na watu thelathini kichwani. Mashati nayaacha hapa hapa."

Nilirudi ofisini, na maswali manane yaliyobaki nikayauliza kama mtu anayesoma karatasi ya mwenziwe. Majibu hata siyakumbuki. Wamesema kazi ni yangu nikiitaka, niwajibu kabla ya tarehe 23.

Sasa nimepiga hesabu mara tano na kila mara jibu ni jingine. Kiti kinachomfanya mtu mzoefu akimbilie kwenye pasi, kina nini? Lakini mahali ambapo mtu anashuka, anabaki, na wenziwe wanamtania usoni badala ya kumsema mgongoni, pako wapi pengine? Kule nilikotoka, aliyeshushwa alikuwa ameshaondoka kabla ya jioni. Na labda Mama Mvuke naye alishushwa, akafundishwa la kusema. Lakini kile kicheko, Shangazi, nani angemfundisha?

Ndiyo maana nakuandikia wewe. Nilikuwa darasa la sita ulipotoka kwenye ualimu mkuu ukarudi kufundisha darasa la pili. Baba alitukataza kuuliza. Binti wa jirani aliposema umenyang'anywa nilimpiga, na huku mwenyewe niliamini hivyo hivyo. Mpaka leo nimekuonea uchungu kwa ajili hiyo, na sikuwahi kukuuliza.

Je, uliomba, au walikunyang'anya?

Kama uliomba, niandikie neno hilo moja tu, nami nitakwenda kusaini. Kama walikunyang'anya, niambie pia, sitamwambia mtu. Ila uniambie na hili: mbona katika picha ya mwaka ule, umekaa katikati ya watoto wa darasa la pili, unacheka vile?

Barua anaileta shemeji yangu, atakaa huko siku nne, naomba umpe jibu arudi nalo. Nisalimie Babu, umwambie redio yake nimepata fundi. Wasalimie mapacha, na binamu yangu Mfupi, ingawa nasikia sasa ananipita kimo.

Mungu akupe goti la kupandia ngazi zako na macho ya kuisoma barua hii bila ile miwani.

Wako akupendaye, anayengoja neno lako,
Binti wa kaka yako