Gesi Isiyounguza

Jumatatu, 2 Februari 1998
Nimeosha chupa za maabara baada ya kipindi, kisha nimerudi kwenye jaribio langu la dawa ya peroksaidi. Ikikutana na unga mweusi hutoa gesi nyingi kwa mpigo. Hiyo ndiyo itakayojaza mfuko wa mpira chini ya maji na kuinua injini ya mashua ya kaka yangu Bakari, iliyozama baharini Shimoni wakati wa mvua za El Nino. Shida ni joto. Mfuko wa leo pia umeyeyuka. Ule wa wiki jana ulimbabua Bakari mkono. Nilimuunguza mimi, si mwingine.

Jumanne, 3 Februari
Nimeizimua dawa kwa maji. Gesi vuguvugu! Nimecheka peke yangu kama mwehu.

Jumatano, 4 Februari
Chupa za plastiki zenye dawa niliyozimua jana zimevimba. Moja imerusha kizibo. Dawa imekufa yote.
Mjinga mimi. Nilitumia maji ya kisima cha shule, yale ya chumvi yanayoacha magamba ndani ya birika; chumvi hiyo imeitoa gesi yote usiku. Mwalimu wa kemia mzima!
Bakari amechoka kungoja. Jumamosi atazama na kamba, aivute mwenyewe. "Niache, dada. Mkono ni wangu." Mkono mmoja, kwenye mkondo ule! Atakufa. Nimekasirika. Mama hajala.

Alhamisi, 5 Februari
Nimekwenda dukani Kona ya Musa, kununua maji safi ya kuongezea betri za gari. Hayo hayana chumvi. Muuzaji, mtu wa bara: "Madam, na gari iko wapi?" Nimemwambia iko baharini.
Nimezimua upya. Gesi haina moto, lakini inakuja kivivu. Nimeongeza unga, si dawa. Mara ya sita mfuko umejaa kabla sijamaliza kuhesabu ishirini. Silali mpaka nione chupa zimetulia.

Ijumaa, 6 Februari
Zimetulia.
Bakari amekuja baada ya sala. Sikubishana naye. Nimefungua chupa mbele yake na kuuweka mkono wangu mdomoni mwa mfuko mpaka ukajaa. Niliogopa, naapa. Ameugeuza mkono wangu, akautazama pande zote mbili. Kisha ameuchukua mfuko.

Jumamosi, 7 Februari
Maji yalipotulia alizama mara moja tu, akafunga mfuko kwenye injini, akafungua chupa dawa ikutane na unga, akapanda. Injini ikamfuata.
Imejaa mchanga. Fundi anasema haitawaka tena.
Mama amepika wali. Nimekaa karibu na Bakari nikamchambulia samaki, miba yote. Hakunikataza.