Ukucha Mweusi

Dada yangu, Yaya Constance,

Pokea salamu, wewe na watoto hapo Uvira. Huku Durban baridi imeingia, na miguu inaniuma kwa kusimama saluni.

Diwani wetu alifariki, basi Jumatano kulikuwa na uchaguzi mdogo. Kabla yake wagombea walipiga hodi kila mlango wa ghorofa yetu. Wangu waliuruka, maana walishaambiwa hapo anakaa Mkongomani. Nilikuwa nimechemsha chai.

Siku yenyewe nilimpaka mteja dawa nyeusi ya nywele, ikaganda kwenye ukucha wangu wa kidole gumba, ukawa mweusi tititi. Hapo kwenye gumba ndipo wanapowatia wino waliopiga kura huku. Sokoni Warwick, mama muuza mahindi akauona, akanionyesha wake, akanivutia kreti nikae. "Tumefanya kazi yetu, sisi," akasema kwa Kizulu. Sikumkatalia. Aliniuliza habari za miguu yangu, Yaya. Tangu nifike, hakuna mtu wa hapa aliyewahi kuiulizia.

Unataka kujua kama nimezoeana na watu. Ile dawa inafifia kwa sabuni. Leo Jumamosi, na vyombo bado naviosha kwa mkono mmoja.

Mdogo wako,
Carmel