Barua ya mlinzi wa geti

Mwenzangu, pokea simu! Leo nimeumbuka, natamani ardhi ipasuke inimeze.

Mlinzi wetu wa geti, yule mrefu wa zamu ya asubuhi, kaniletea barua ya kuomba ruhusa ya siku tatu akamuuguze mkewe. Kaiandika kwa Kiingereza kama ofisi inavyotaka. Juu kabisa kaanza: "To whom it may concern."

Unanijua mimi na kalamu yangu nyekundu. Nikayakata maneno hayo palepale, mbele ya mhasibu na wale wasichana wa mapokezi. Nikamwambia kwa sauti, "Mzee, haya ni maneno ya kumwandikia mtu usiyemjua! Mimi si unanijua? Niandikie kwa jina!"

Wakacheka. Na mimi nikacheka, mjinga mimi.

Yeye hakucheka. Akasema taratibu tu, "Samahani, mama. Miaka minne nakufungulia geti, hujawahi kuniambia jina lako wala kuniuliza langu. Nikaona nisijifanye nakujua."

NISIJIFANYE NAKUJUA.

Na kinachoniua ni kwamba kaandika sawasawa! Hakukosea hata kidogo!

Nikataka kumwomba radhi, angalau nimwite kwa jina mbele ya walewale waliomcheka. Nikaanza, "Nisamehe sana, mzee…" Nikakwama. Nikashusha macho kwenye barua, nilitafute jina lake.

Akaniona. Akanyoosha kidole, akaniwekea pale lilipoandikwa.