Elbo Niliyoipeleka Bisil

Kitengela

Baba yangu mpendwa,

Naomba barua hii ikukute umeketi pale penye jua la asubuhi, mgongo umetulia, na Mama yuko karibu akikukataza kubeba vitu vizito. Mimi ni mzima. Kile kikohozi Mama alichokuwa anaulizia kiliisha kabla sijamaliza dawa, mwambie asiwe na wasiwasi. Magokoro anaendeleaje? Bado bibi yangu huyo anakataa kutembelea fimbo? Na yule ng'ombe mweusi amezaa, au bado anawachezea?

Najua utashangaa kupata barua siku hizi. Lakini nikipiga simu tunaishia kupigiana kelele, wewe husikii, mwishowe Mama anaichukua na kunieleza nani amekufa na nani ameoa. Ile miaka yako ya chumba cha boila, penye kelele za mvuke, iliondoka na masikio yako, na habari niliyo nayo leo ni ndefu. Mdogo wangu Ondieki akikuletea, mwambie asikusomee. Vaa miwani uisome mwenyewe.

Mzee Njoroge, yule mwenye karakana ninayofanyia kazi hapa Kitengela, alipata kazi ya kufunga mabomba kwenye kiwanda kidogo cha maziwa karibu na mji wa Kajiado. Ni kiwanda cha kina mama, wengi wao Wamaasai, ambao wameungana wauze maziwa yao pamoja. Mwenyekiti wao anaitwa Mama Naserian, anatoka Bisil. Ni mrefu, anaongea polepole, na akikutazama unajikuta unasimama vizuri.

Kabla hatujaanza, Mzee Njoroge aliniita pembeni. "Moraa," akasema, "hii kazi viungo vyote utachagua wewe. Mimi nitanunua utakachosema."

Baba, wewe unajua hayo maneno yana uzito gani. Bomba lililonyooka halina matata. Kazi huharibikia pale linapopinda, linapogawanyika, au linapokutana na valvu ya kulifungulia na kulifungia. Nilifurahi mpaka nikakosa hamu ya chakula.

Upande wa maziwa nilitaka viungo vya stenles, chuma kisichoshika kutu, laini kabisa ndani, vile vya kubanwa kwa klampu, ili mtu avifungue kwa mkono kila siku, avioshe na kuvirudisha. Tatizo ni kwamba maduka yote ya Kitengela hayakuwa navyo. Ilikuwa lazima viagizwe, na hakuna aliyeweza kutuambia vitafika lini.

Wakati huohuo mvua ilikuwa imenyesha vizuri Kajiado yote. Nyasi ziko, ng'ombe wanajaza ndoo, na maziwa hayana pa kwenda. Wachuuzi wa kutoka Kiserian walikuwa wanayanunua kwa bei ya kuonea huruma, na yanayobaki yanamwagwa. Mama Naserian alikuja kwenye kiwanda akatukuta tumekaa.

"Takwenya, Moraa," akanisalimu kwa Kimaasai.

"Iko, Mama."

"Tunafungua lini?"

"Viungo vya maziwa bado, Mama."

"Naona mabomba yako hapa."

"Mabomba yapo. Viungo ndivyo hatuna."

Akatazama mawingu, akanitazama mimi. "Mvua ikienda, ng'ombe watakauka. Utapitisha nini ndani ya hayo mabomba yako?"

Alipoondoka, Mzee Njoroge akasema tufunge zile elbo za kawaida kwanza, viungo vya kona vya kukaza kwa nyuzi kama parafujo, kisha tuje tubadilishe zile nzuri zikifika. Nikakataa. Nikamwambia maziwa yatajificha ndani ya zile nyuzi na hakuna sabuni itakayoyafikia. Hakukasirika. Yeye ndiye aliyekuwa anapigiwa simu na kina mama kutwa nzima. Akasema, "Basi tujaribu kipande kimoja, tuone. Inaweza kuwa wewe unaogopa bure." Niliona hilo ni neno la haki, kwa sababu hata mimi sikuwa nimewahi kuliona kwa macho. Nilikuwa nimefundishwa tu.

Tukafunga kipande kifupi, tukapitisha maziwa, tukaosha kwa maji moto na sabuni kila siku. Kwa nje yote yalikuwa yanang'aa. Kina mama waliokuja kutazama walipiga vigelegele, wakaenda wakatangaza kwamba kiwanda kinafunguliwa. Baada ya siku chache nikafungua elbo moja. Harufu iliyotoka, Baba, ilinifanya nigeuze uso. Nikampa Mzee Njoroge. Akanusa, akaiweka chini taratibu.

"Nimeona," akasema. "Lakini nenda uwaambie wewe. Wewe ndiye uliyechagua, na wao ndio wenye kiwanda."

Hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu. Habari ilinitangulia kwamba kuna msichana wa Kisii anawafungia kiwanda. Mama mwenye nyumba niliyopanga kwa muda kule Kajiado ni mmoja wa wanachama. Alikuwa ananiachia chai kwenye thamosi kila jioni. Aliacha, na hata salamu akaacha. Usiku nilijiuliza kama ni mimi ninayejifanya najua sana. Watu wanamwaga maziwa, na mimi nabishana juu ya elbo.

Nikachukua ile elbo, nikaikata kwa msumeno wa chuma ikawa vipande viwili, nikapanda gari mpaka Bisil. Nilimkuta Mama Naserian nyumbani kwake akisafisha kibuyu cha maziwa. Ameweka kijiti cha oloirien, ule mzeituni wa porini unaoyapa maziwa ladha ya moshi, motoni mpaka ncha ikawa kaa, anakiingiza ndani ya kibuyu na kusugua, anageuza, anasugua tena. Hakuacha kazi yake. Nikaketi kwenye kigoda nikamngojea, kisha nikampa kipande kimoja.

Akakiinua kwenye mwanga. Ndani ya zile nyuzi kulikuwa na mstari wa manjano, mzito kama samli iliyoganda. Akanusa.

"Hii ilioshwa?"

"Ilioshwa, Mama. Kwa maji moto. Nilikuwepo."

Akajaribu kupitisha ukucha kwenye nyuzi. "Hapa hapafikiki."

"Hapafikiki."

Akanirudishia kipande. "Mimi kibuyu nisichoweza kukisafisha mpaka chini, siweki maziwa. Mama yangu angenichapa." Akacheka kidogo, halafu kicheko kikaisha. "Lakini wale wanaomwaga kila siku, niwaambie nini?"

Nilimwambia tu kwamba maziwa ya wote yatapita kwenye elbo moja, na mtoto wa mtu akiugua kwa hayo maziwa, hakuna atakayeuliza yalikuwa ya nani. Akafunika kibuyu. "Kesho kuna mkutano. Njoo na hicho chuma chako."

Mkutanoni vile vipande vilipita mkono kwa mkono. Mama mmoja alisimama akaniuliza kwa hasira, "Na hasara yetu, utalipa wewe?" Nikamwambia siwezi kuilipa, na kwamba pole yangu haiwezi kumsaidia, lakini nampa pole. Mama Naserian alingoja kelele zipungue, akasema neno moja tu: "Tutangoja." Si wote waliokubali, Baba. Wengine waliondoka siku hiyo wakaenda kwa wachuuzi na hawajarudi mpaka leo. Hilo bado linaniuma nikilikumbuka.

Viungo vilifika mvua ikiwa inaelekea kuisha. Tulivifunga vizuri. Yakabaki mabomba ya mvuke wa kuchemshia maziwa, na hapa nataka nikuambie jambo ambalo hatujawahi kuongea.

Mjomba alinieleza siku ile nilipoondoka nyumbani kwa nini huvai shati la mikono mifupi. Alisema valvu ilifunguliwa kwa haraka, maji yaliyokuwa yamelala ndani ya bomba yakasukumwa na mvuke, yakagonga ile valvu ya chuma cha kusubu, kile cha kuyeyushwa na kumiminwa, ikapasuka kama chungu ukiwa umesimama mbele yake. Sikukuuliza, kwa sababu niliona hupendi. Lakini nilipochagua viungo vya mvuke, nilikuchagulia wewe. Sikukubali hata kimoja cha kusubu. Nilichukua vya chuma kizito cha kufuliwa, na kila mahali bomba linaposhuka nikaweka tundu la kutolea maji lenye valvu yake ndogo.

Siku ya kuwasha boila niliwaomba wote watoke nje, hata Mzee Njoroge. Nikashika ile valvu kubwa. Nilikuwa nakuona wewe ukiwa kijana, mbele ya bomba kama lile. Nikafungua kidogo sana, nikangoja. Bomba likaanza kulia ti, ti, ti, likipata joto. Maji yakatoka kwenye matundu, ya baridi, kisha ya moto, kisha ukaja mvuke mkavu. Nikaongeza. Hakuna kilichogonga wala kiungo kilichovuja. Nilikaa chini pale sakafuni, nikalia kidogo kabla ya kuwaita.

Maziwa ya kwanza yalipochemshwa na kupoa, Mama Naserian alipewa kikombe. Akanywa, kila mtu anamtazama. "Ni safi," akasema. "Lakini hayana ule moshi. Ladha imeenda wapi?" Kina mama walicheka mpaka wakashikana mabega. Yule mwenye nyumba wangu alikuwa miongoni mwao. Jioni nilikuta thamosi mlangoni.

Sasa Baba, wameniomba nibaki niwe fundi wa kiwanda. Najua umekuwa ukienda kwa wale wa kiwanda cha majani chai kuniombea nafasi, ili niwe karibu nanyi. Mama ameniambia ulivaa koti kwenda huko. Nilifikiri sana kabla ya kujibu, na nimewaambia kina mama ndiyo. Mwisho wa mwezi nahamia Kajiado kabisa. Mzee Njoroge alininunia siku nzima, kisha akanipa seti yake ya spana za zamani na kuniambia nisimwaibishe. Usione kama nimekudharau. Nimekaa na hii kalamu muda mrefu nikitafuta namna ya kuandika hayo maneno, na hii ndiyo namna niliyoipata.

Nisalimie Mama, ambaye najua atasoma hii baada yako. Nisalimie Magokoro, na umwambie sijasahau kwamba anataka shuka nyekundu ya Kimaasai. Nisalimie Mjomba, wala usimgombeze kwa kuniambia. Ondieki naye asome kwa bidii, aache mpira wa barabarani.

Kuna kitu kimoja ambacho hakikuwa kwenye kazi yetu, lakini nilikiomba. Mlango wa chumba cha boila ulikuwa umewekwa ufunguke kuelekea ndani. Mjomba aliniambia siku ile valvu ilipopasuka ulihangaika na mlango wa namna hiyo, mkono umeungua, ukiuvuta na watu wamekubana nyuma. Nilimwambia seremala aung'oe augeuze. Akaniuliza kwa nini, nikamwambia ndivyo ninavyotaka. Sasa ukiusukuma kidogo tu kwa bega, uko nje.

Ni mimi binti yako,
Moraa